Jiandui, sachima, mahua au kaikouxiao: uanze na ipi jikoni kwako?

Kati ya vitafunio hivi vinne vya Kichina, ile ya duara yenye ufuta mwili mzima ndiyo kila mtu anayoitaka. Inaitwa jiandui, itamke "jiendwei". Ukiikuta asubuhi kwenye mkahawa wa Guangzhou, kusini mwa China, imevimba kama puto, ina rangi ya dhahabu, ukiibonyeza inarudi, macho hayatazami tena kitu kingine. Nami nilianza na hiyo hiyo. Siku ile mafuta yaliruka hadi kwenye pazia la jikoni, na mkono wangu wa kulia una alama mbili mpaka leo. Kwa hiyo nisijifanye nimekaa katikati. Nina upande, na nitausema kila tukifika penye sababu.

Vitafunio vitamu vya Kichina vya kukaanga ni vingi, kila jimbo na vyake. Nimechukua vinne tu, vile ambavyo mtu anaweza kuvipika kwenye karai la kawaida, jiko la gesi au la mkaa, bila mashine yoyote.

Tunazungumzia nini

Jiandui ni donge la unga wa mchele unaonata, lina kitu kitamu ndani, linavingirishwa kwenye ufuta na kukaangwa. Ni ya zamani: enzi za utawala wa Tang, kati ya 618 na 907, ilijulikana Chang'an, mji mkuu wa wakati ule ambao leo ni Xi'an, kisha ikahama na watu kwenda kusini. Siku hizi wenyewe ni Wakantoni, watu wa Guangzhou na pande zake, na Mwaka Mpya wa Kichina hauwapiti bila jiandui mezani. Wana msemo kwamba jiandui zikibingirika, dhahabu na fedha hujaa nyumba. Ukitoka China utaikuta Vietnam ya kaskazini ikiitwa bánh rán, Ufilipino buchi, Indonesia onde-onde.

Sachima ni ya Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki waliotawala China yote chini ya ukoo wa Qing kuanzia 1644 hadi 1912. Unga wa ngano unakandwa kwa mayai, unakatwa nyuzi nyuzi, unakaangwa uvimbe, kisha nyuzi zinashikanishwa kwa shira nzito na kukatwa vipande vya mraba. Ukiitazama ni kashata. Ukiitafuna ni laini, inaachia yenyewe mdomoni. Hong Kong wanaiita "farasi mdogo".

Mahua ni msokoto mkavu wa unga wa ngano. Mji wake ni Tianjin, bandari iliyo jirani na Beijing. Huko mahua za Barabara ya Kumi na Nane huhesabiwa pamoja na baozi (maandazi ya mvuke yaliyojazwa nyama) za Goubuli na keki za kukaanga za Erduoyan kuwa vyakula vitatu ambavyo mji unajivunia.

Ya nne, kaikouxiao, maana yake ni "fungua mdomo ucheke". Wakantoni wanaiita kunazi inayocheka, na jina limeikaa vizuri, maana kunazi ya Kichina ni ndugu wa kunazi zetu za pwani. Ni kidonge cha unga wa ngano, sukari na yai kilichovikwa ufuta. Kikiingia kwenye mafuta kinapasuka juu, kinabaki mdomo wazi. Aliyekulia Kenya au Tanzania ataikumbuka hafkeki papo hapo, na hatakosea. Hii ni ndogo zaidi na kavu zaidi, basi.

Dukani

Sachima, mahua na kaikouxiao zote ni unga wa ngano ule ule wa chapati. Jiandui peke yake inakutoa nyumbani kwenda kutafuta unga wa mchele unaonata, na huo hauna mbadala. Nimeshaona watu wakijaribu kwa unga wa vitumbua. Usijisumbue. Wanga wa mchele ni wa aina mbili, amilosi na amilopektini. Mchele unaonata una amilopektini karibu tupu, na hiyo ndiyo inayovutika kama mpira mvuke ukiisukuma kutoka ndani. Unga wa vitumbua hauvutiki. Unapata nyufa, unamong'onyoka ndani ya karai, na mafuta yote yanachafuka.

Tafuta kwenye maduka yanayouza vyakula vya Waasia. Ukikuta mifuko ya Erawan ya Thailand, yenye tembo wa vichwa vitatu, chukua wenye maandishi ya kijani. Mwekundu ni mchele wa kawaida. Inafanana mno, na mimi nimewahi kupanda daladala mbili kurudi nyumbani na mwekundu. Kwa asiyeweza kula ngano, hapa jiandui inawashinda wenzake wote: mchele huo unanata lakini hauna gluteni hata chembe.

Cha kujaza ndani si shida. Wakantoni hupenda maharage madogo mekundu yaliyopondwa na sukari, au mbegu za yungiyungi. Vietnam wanatumia choroko zilizokobolewa, nazo tunazo tele: chemsha, ponda, rudisha jikoni na sukari na mafuta kidogo, koroga mpaka rojo liache sufuria. Ukiona kazi imekuwa nyingi, karanga zilizotwangwa na sukari zinatosha.

Sachima inadai kitu kimoja cha pekee, sukari nzito ya nafaka zilizochipuzwa, maltose, inayouzwa kwenye kopo ikiwa nzito kiasi cha kupinda kijiko. Hiyo ina mbadala, nitaueleza kwenye shira.

Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: resipi nyingi za kizamani za Kichina zinatia mafuta ya nguruwe kwenye unga, hasa hizi mbili za ngano kavu. Nyumbani tia samli. Kaikouxiao ya samli kwangu ni bora kuliko ile niliyoila huko huko kwao. Nao Waislamu wa China, Wahui, wana kitafunio chao cha Idi, sanzi, nyuzi nyembamba za unga za kukaanga zinazopangwa kama kichanja, lakini ile inataka mkono uliozoea tangu utotoni, ndiyo maana sijaiingiza humu.

Ufuta uwe mweupe na mbichi, usiokaangwa. Wa Lindi au Mtwara unafaa kabisa. China ni mteja mkubwa wa ufuta wa Tanzania, kwa hiyo zile punje unazozila Guangzhou huenda zilikutangulia safari.

Karai

Ladha za vitafunio hivi hazipishani sana. Vinapopishana ni kwenye mafuta, na hapo ndipo penye uamuzi wenyewe.

Jiandui ni donge lililozibwa pande zote. Maji yaliyomo kwenye unga yanageuka mvuke, na mvuke hauna mlango. Mafuta yakiwa ya moto mno tangu mwanzo, ganda linakauka kabla halijatanuka, mvuke unazidi kujaa, na penye unyonge panaachia kwa mshindo. Ndiyo iliyonipata. Niliona vipovu vikubwa, nikadhani ndiyo ukaangaji wenyewe, nikainama kutazama.

Mama mwenye nyumba niliyepanga kwake Guangzhou alipouona mkono alicheka kwanza, halafu akapaka dawa, halafu akanifundisha. Kikantoni changu kilikuwa cha sokoni tu, hivyo somo lilikuwa la macho. Alichukua robo ya unga uliokwisha kuchanganywa, akaichemsha kwenye maji mpaka ikaelea, akaikanda pamoja na ile iliyobaki. Kile kilichopikwa ndicho kinachoushika unga wote na kuufanya uvutike bila kupata nyufa. Akafunga kila donge akilibana ili hewa yote itoke. Akalitia maji kiganjani, akalivingirisha kwenye ufuta, akalibinya kati ya viganja viwili ili punje zishike.

Mafuta yalikuwa mengi, ya kuzamisha, na ya moto wa kadiri, kama nyuzi joto 140 za Selsiasi. Hakuwa na kipimajoto. Alizamisha kijiti cha kulia chakula, vikatoka vipovu vidogo vya uvivu, akaridhika. Madonge yakazama, akawa anayasukuma taratibu yasishike chini. Baada ya dakika kama tano yakaanza kuelea. Hapo akashika upawa, akalibonyeza donge kwenye ukuta wa karai, akaliachia, likageuka, akalibonyeza tena. Kila akibonyeza ganda linatanuka, akiachia linajaa. Lililoingia kama ndimu likawa kama chungwa. Mwishoni akaongeza moto, nje pakakauka na kuwa rangi ya asali. Hatua hiyo usiifupishe: jiandui iliyotolewa mapema inanywea sahanini, mbele ya wageni.

Mkupuo mmoja ni dakika kumi na tano, na macho hayabanduki. Mtoto akilia au mlango ukigongwa, unazima jiko. Watoto wenyewe wasiwemo jikoni kabisa.

Sasa weka kaikouxiao kando yake. Mvuke unautaka utoke, na unatoka kwa kupasua juu. Kasoro ya jiandui ndiyo uzuri wa hii. Unazitumbukiza kwenye mafuta ya nyuzi joto 150 hivi, unaziacha. Hakuna upawa, hakuna kubonyeza. Zinakaa chini kidogo, zinapanda, zinatikisika, kisha moja inafunguka, na nyingine, na nyingine. Zikigoma kucheka, umekanda sana unga ukawa kama wa chapati, au mafuta ni ya moto mno yakaziba ganda mapema, au beking pauda imekaa kabatini tangu mwaka juzi.

Sachima kwenye mafuta ni ya sekunde. Nyuzi zinavimba mara tatu zikigusa mafuta ya moto, unazitoa zikiwa bado za manjano hafifu. Tabu yake iko kabla: unga wake wa mayai unanata, hivyo unaunyunyizia wanga wa mahindi kila unapousukuma na kuukata, na wanga ule usipoukung'uta kwa chekecheo utaungua chini ya karai na kutia uchungu mikupuo yote inayofuata. Pia andaa beseni kubwa. Unga wa gramu 250 na mayai matatu unaonekana kidogo mkononi, ukishakaangwa unajaza beseni la kuoshea vyombo.

Mahua haina hatari, ina kuchosha. Sukuma uzi wa unga kama sentimita 40, unene wa kalamu. Mkono mmoja uuviringishe kwenda mbele, mwingine kurudi nyuma, kama anayesokota kamba ya usumba. Inua, kutanisha ncha, achia: uzi unajisokota wenyewe. Rudia mara moja zaidi upate msokoto wa nyuzi nne. Unga ukirudi nyuma kama mpira, ufunike, uupumzishe dakika kumi. Kushindana nao ni kupoteza muda. Kisha moto mdogo, dakika nane au kumi, maana ukiharakisha nje inakuwa kahawia na katikati ya msokoto pamebaki pabichi. Kwa mahua thelathini nilitumia adhuhuri nzima, nikakaa siku mbili bila hamu ya kuuona unga.

Shira

Hapa ni sachima peke yake inayokutahini, na anayejua kupika visheti ana nusu ya mtihani mkononi.

Visheti tunavirusha kwenye shira tukitaka sukari igande nyeupe juu. Sachima haitaki hivyo. Shira yake ibaki angavu, inayovutika, inayokubali jino. Ndiyo kazi ya ile maltose: inaingia katikati ya chembe za sukari na kuzizuia zisijipange na kuganda. Ukiikosa, weka asali, au kamulia ndimu kidogo kwenye shira ya sukari. Wapishi wa kalimati wanakamulia ndimu kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wengi wakiulizwa watasema ni ya harufu.

Kipimo: sukari gramu 200, maltose au asali 120, maji robo kikombe. Chemsha bila kukoroga mpaka nyuzi joto 115 au 116. Bila kipimajoto, dondosha tone kwenye glasi ya maji baridi, liokote kwa vidole. Likikusanyika likawa kijidonge laini kinachobonyea, zima. Likitawanyika, bado. Likigonga glasi kama kokoto umechelewa, na utakachopata ni kashata ngumu yenye nyuzi za unga ndani. Tofauti ya laini na kokoto haizidi dakika mbili, na simu ikiita ndani ya dakika mbili hizo, iache iite.

Mimina juu ya nyuzi, changanya upesi kwa vijiko viwili vilivyopakwa mafuta, weka kwenye trei, bonyeza kidogo. Narudia, kidogo. Mara ya kwanza niliikandamiza kwa chini ya sufuria nikijiona fundi, nikapata tofali. Kata ikiwa vuguvugu.

Jasho la Dar au Mombasa ni adui wa shira hii. Siku za masika sukari inanyonya unyevu hewani, vipande vinaanza kulia na kushikana. Mwenye kuishi Arusha, Nairobi au Bukavu ana nafuu.

Siku ya pili

Jiandui ni ya kuliwa leo, tena ndani ya saa mbili tatu. Kesho yake ganda limekuwa kama ngozi ya ngoma. Ukiipasha kwenye oveni inarudi kiasi, haifiki ilikotoka. Kama wageni wako wana tabia ya kuja saa tatu baada ya muda mlioagana, usiwapikie jiandui.

Sachima ikifungwa kipande kimoja kimoja inakaa wiki. Kaikouxiao kwenye bati lenye kifuniko inafika siku kumi, na siku ya pili kwa kweli ni tamu kuliko ya kwanza, ufuta unakuwa umeingia. Mahua ndiyo mzee wa safari: ikiiva na kukauka sawasawa inamaliza wiki mbili, na ndiyo ningempakia mtoto wa bweni au mtu anayepanda basi la usiku. Kwa kuuza pia ningeiangalia mahua, isipokuwa bei itabidi ilipe mikono yako, na wateja wanaofikiri kila kilichokaangwa ni cha shilingi mia mbili watakukatisha tamaa.

Kwa futari, weka sachima. Mwaka 2026 Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa tarehe 17 Februari na Ramadhani ikaanza siku hizo hizo, nikakaanga kwa sababu mbili kwa mafuta yale yale. Sinia la sachima lilikwisha kabla ya kaimati, jambo ambalo bibi yangu hakulipenda.

Basi ya kwanza

Jiandui ningeiacha iwe ya tatu au ya nne, mkono ukishajua mafuta, tena siku ambayo jikoni mko wawili. Anayependa shira na ana subira aende sachima. Wengine wote, na hasa aliye na saa moja tu jioni, ni kaikouxiao, na hiki ndicho kipimo changu.

Yeyusha sukari gramu 90 kwenye maji vijiko vitatu vya chakula, maji yawe ya moto kidogo, halafu yaache yapoe. Pigia yai moja na samli iliyoyeyushwa kijiko kimoja na nusu. Chekecha unga wa ngano gramu 250 na beking pauda kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi ya kubana kwa vidole. Mimina vile vya maji juu ya unga, ukusanye kwa kukunja na kubonyeza, kama anayefunga nguo kwenye furushi. Usikande. Ukionekana umepauka na una mabonde, uko sawa. Funika robo saa.

Kata vipande vya gramu 20, utapata kama ishirini na mbili, viringisha. Lowesha viganja, pitisha kila kidonge mkononi, kitie kwenye sahani ya ufuta, kisha kibinye kati ya viganja na ukung'ute uliozidi. Punje inayoelea peke yake kwenye mafuta inaungua, na moshi wake unakaa kwenye nywele mpaka kesho.

Mafuta yawe na kina cha vidole vinne. Tumbukiza nane nane, moto wa kati kushuka chini, mikono mbali. Zikishapasuka zote ongeza moto, zigeuze kwa chujio mpaka ndani ya mdomo nako pawe pakavu, rangi ya mkate. Za kwanza nane kuna mbili tatu zitakazokataa kucheka. Hizo ni za mpishi, zile zikiwa za moto.